Mchukua Dawa za Mke Wangu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa misumari dukani kabla hujaufikia ukurasa wangu, nitakupasha kwa ufupi. Mimi ni fundi kufuli, nachonga funguo kibandani. Mke wangu anapiga pasi kwa dobi. Ana kifafa, na nilimwoa nikijua. Dawa zake huchukuliwa kila mwezi kwenye duka la dawa lililo jirani na kazini kwake, na tangu tuoane niliamini anazichukua mwenyewe.

Wiki jana nikajitia mume mwema. Nikaenda kumchukulia ili nimshtukize. Mama mfamasia akaniambia bado hazijawa tayari, na zikiwa tayari atakuja kuzichukua bwana wake kama kawaida.

"Bwana wake si ndiye mimi?" nikasema.

Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akakohoa. Akasema jina la mwakilishi ni siri ya mgonjwa. Mlinzi wa mlangoni hakuwa na siri ya mtu. "Si yule mwalimu wa udereva?" akanitajia bila kuombwa. "Breki. Kila mwezi yuko hapa."

Breki ni mume wa zamani wa mke wangu.

Nyumbani sikusema neno. Nilinuna. Mwanamume akinuna huwa anangoja abembelezwe. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikasema sina kitu, na yeye akaniamini. Nikaendelea kununa siku zote hizo.

Sasa sikilizeni ya wiki hii.

Asubuhi mke wangu alikuwa bafuni, simu yake ikalia kitandani. Simu ile ina namba ya siri, lakini mimi kazi yangu ni kufungua vilivyofungwa, na yeye akibonyeza hajifichi. Nikaifungua.

Ujumbe ulitoka duka la dawa. Dawa zako ziko tayari. Ukija mwenyewe, bonyeza moja. Akija mwakilishi wako, bonyeza mbili. Ukitaka kuletewa nyumbani, bonyeza tatu. Ukitaka kuzihamishia duka jingine, bonyeza nne.

Moja haikuwezekana, maana zamu yake huanza duka likiwa halijafunguliwa na kwisha likiwa limefungwa. Mbili alikuwa Breki. Tatu niliifikiria kidogo. Lakini anayeleta dawa nyumbani ni mwanamume wa pikipiki, na mimi mchana siko nyumbani. Ni kweli mke wangu naye mchana hayuko nyumbani, ila wivu hauna nafasi ya kuyapima mambo hayo.

Nikabonyeza nne. Nikachagua duka linalotazamana na kibanda changu. Simu ikaniuliza kama nina hakika, nami sijawahi kuwa na hakika kama asubuhi ile. Kisha nikaufuta ujumbe.

"Simu yangu imelia?" mke wangu akauliza akitoka bafuni.

"Matangazo tu."

Akameza kidonge chake kwa maji, akaitikisa chupa. Haikutoa sauti. "Hiki ndicho cha mwisho. Cha jioni sina. Nilikuwa nangoja waniambie."

"Usijali, leo utazipata."

"Umejuaje?"

"Nimehisi tu."

Akanitazama kidogo, akavaa viatu, akaenda zake kazini. Mimi nilipiga mluzi njia nzima. Nilikuwa nimemng'oa Breki kwa kidole kimoja.

Duka jipya lilikuwa na mfamasia kijana, tai imemkaba shingo. Nikapanga foleni, zamu yangu ikafika.

"Agizo lake limeingia asubuhi hii," akasema. "Kitambulisho chako."

Nikampa.

"Una uhusiano gani na mgonjwa?"

"Mume," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa mlangoni.

"Tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa?"

Nikajikuna kisogo.

"Siku, mwezi na mwaka," akanisaidia.

Jamani, mimi najua saizi ya kiatu cha mke wangu. Najua upande anaolalia na nyimbo anazoimba akiwa na hasira. Tarehe ya kuzaliwa siijui. Nilipomchumbia alisema yeye hana mambo ya keki, nikamshukuru Mungu, nikaliacha hapo.

"Mwezi wa sita," nikabahatisha.

"Samahani."

"Wa saba."

"Mzee, hapa hatuchezeshi bahati nasibu." Foleni ikaangua kicheko. Kijana akaendelea kwa upole ulionikera zaidi ya kicheko. "Mgonjwa aje mwenyewe mara ya kwanza, ndipo tumwandike mwakilishi anayemtaka. Au wewe uwe na taarifa zake kamili. Halafu ujue kwamba dawa tunayoitoa sisi ni ya kiwanda kingine. Dawa ni ileile, rangi tu ndiyo tofauti."

"Rangi haina neno," nikasema. "Nakuja sasa hivi na hiyo tarehe."

Nikatoka nje. Kumpigia mke wangu haikufaa. Kwa dobi simu zao hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe, na kufuli la kabati lile nililitia mimi mwenyewe. Simu ya ofisini ni ya dharura tu, na msimamizi wake ana mdomo. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kuna nini?"

"Eti mama, mke wangu alizaliwa tarehe ngapi?"

Akauliza, "Unataka kumwacha?"

"Mama! Hapana!"

"Maana mwanamume akianza kuuliza tarehe huwa kuna mambo ya karatasi. Alizaliwa Ijumaa. Baba yake alirudi mapema akakuta sijapika, akataka kufoka, nikamwonyesha mtoto, akanywea."

"Ijumaa ya mwezi gani, mama?"

"Baba, mimi nimezaa saba, nimshike yupi niache yupi? Muulize yule mkwe wangu wa kwanza. Yule hasahau. Mpaka leo siku hiyo ikifika hunipigia simu kunipongeza."

Nikamshukuru. Nikakata simu, nikaitazama kama iliyonitukana.

Kumbe jamaa hakuzishika dawa tu. Hata mama mkwe bado ni wake.

Ningeweza kurudi kibandani nikangoja jioni nikaungama. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini wivu ulishanipanda kichwani, nikataka nimwone huyo Breki uso kwa uso, nimtoe tarehe mdomoni, nirudi kuchukua dawa zangu. Naandika "zangu" kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Shule ya udereva haiko mbali. Nilimkuta Breki ameketi kwenye gari la kufundishia, kiti cha abiria, mbele ya miguu yake ana breki yake ya peke yake. Kwenye usukani alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Na Breki alivaa shati jeupe. Mikono ya shati ilikuwa na mkunjo mmoja ulionyooka kutoka begani mpaka kwenye kifungo. Ule mkunjo naujua. Mashati yangu yanao.

"Fundi!" akaniita kwa furaha. "Leo umepotea njia?"

"Nina neno na wewe."

"Niko kazini. Ingia nyuma, funga mkanda, tuzungumze huku tukienda. Bibi, huyu ni ndugu yangu, usimjali. Gia ya kwanza. Achia klachi polepole."

Ndugu yangu! Nikaingia, nikafunga mkanda. Gari likaondoka kwa kurukaruka.

"Nataka tarehe ya kuzaliwa ya mke wangu," nikasema.

Gari likazimika. Halikuwa na kosa. Bibi alikuwa amegeuka mzima mzima kunitazama.

"Hujui mkeo kazaliwa lini?"

"Bibi, macho mbele," Breki akamwambia. "Washa tena." Kisha akanitafuta kwenye kioo. "Ya kazi gani?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani yanakuleta kwangu?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Kwanza wewe nijibu. Unamchukulia mke wa mtu dawa kama nani?"

"Enhe," akasema bibi, akatia gia ya pili bila kuambiwa.

"Kama mwakilishi," Breki akajibu. "Aliniandikisha tulipokuwa pamoja. Tukaachana, jina likabaki. Jina la mwakilishi halifutiki mpaka mgonjwa aende mwenyewe akalifute, na yeye hakwenda. Ujumbe ukija nami hunifikia. Nazichukua, namwachia msimamizi wake kwa dobi, pamoja na mashati yangu. Hata kuonana hatuonani."

"Mashati!"

"Sasa nifue wapi, fundi? Pale ndipo wanaponyoosha vizuri."

"Hilo kweli," akasema bibi, "shati limenyooka."

Kichwa kikaniwaka moto. Nikamwambia aachane na mke wangu, aachane na mama mkwe wangu, aachane na dobi wangu. Nikamwambia mengine ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Breki akanisikiliza mpaka mwisho, mara moja moja akimwambia bibi ashike upande wake wa barabara.

"Umemaliza?" akauliza. "Maana mwezi huu ujumbe haukunifikia. Nilishangaa. Siku zote hunifikia."

"Ulimfikia yeye. Nikaujibu mimi. Dawa nimezihamishia duka la kule kwangu, na wewe kazi yako imekwisha."

Breki akaikanyaga breki yake. Wote watatu tukaenda mbele, tukarudi nyuma. Walio nyuma yetu wakapiga honi.

"Umezihamisha? Kule wana za kiwanda gani?"

"Kingine. Dawa ni ileile, rangi tu."

Akageuka. Ile furaha yake yote ilikuwa imeondoka usoni. "Ndugu yangu, unalijua lile kovu lake la mkononi?"

Nalijua. Liko chini ya kiwiko. Aliniambia ni pasi, nami sikuuliza zaidi.

"Pasi, ndiyo. Walimbadilishia kiwanda. Dawa ileile, rangi tu. Hazikupita siku nyingi akaanguka juu ya meza ya pasi. Mwili wake haukuipokea. Toka hapo daktari amekataza asibadilishiwe kiwanda bila yeye daktari kujua, ndiyo maana yule mama mfamasia anamwekea zake pembeni. Cha mwisho amemeza lini?"

"Asubuhi."

"Na cha jioni?"

"Hakipo."

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. "Bibi," akasema, "kata kulia."

"Somo la kukata kulia hatujalifikia."

"Leo tumefika. Kata."

Bibi wa watu akakata, na baiskeli mbili zikaruka pembeni kuokoa roho zao.

Niwe mkweli kwenu. Nikiwa nyuma ya gari lile hofu ilinishika, nilimwona mke wangu na mvuke na chuma cha moto. Lakini kabla ya hofu kulikuwa na jambo jingine lililotangulia. Kovu lile nalilalia kila siku, nalipapasa, na habari zake anazo mwanamume mwingine. Niliumia kwa hilo hata kabla sijaogopa.

Duka la dawa halikuwa na foleni. Bibi alibaki kwenye gari, amelipandisha ukingo wa barabara kwa gurudumu moja. Mama mfamasia alipotuona tumeingia pamoja akavua miwani.

"Mama," Breki akaanza, "zile dawa..."

"Siwezi kuzitoa tena. Agizo lake limehamishwa asubuhi kwa ujumbe. Zile nilizomwekea nilizirudisha stoo kwa mkono wangu. Nilishangaa, maana mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniomba nimwekee za kiwanda kile."

"Zirudishe," nikasema.

"Anayerudisha ni mgonjwa, kwa kinywa chake. Si wewe wala si yeye."

"Mimi ni mwakilishi wake," Breki akasema.

"Ulikuwa," mama mfamasia akamjibu. "Ulishafutwa."

Breki akaiinamia kaunta.

"Alikuja mwenyewe wiki iliyopita," mama akaendelea, akinigeukia mimi. "Nilimpigia kwa dobi kumwambia kwamba mumewe alifika hapa akaondoka amekasirika. Akaomba ruhusa kazini, akaja mbio. Alisema kosa ni lake, jina la zamani alilisahau tu. Akamfuta huyu bwana, akakuandika wewe. Ilibaki uje na kitambulisho uweke sahihi yako. Alisema mngekuja pamoja Jumamosi."

Jumamosi. Siku hiyo mke wangu aliniambia, "Twende mahali mimi na wewe, hatutakawia." Nikamjibu nina kufuli za watu, nikageukia ukutani.

"Sasa zilipohamishwa," mama mfamasia akasema, "na mwakilishi naye amefutika pamoja nazo. Huko zilikokwenda ni mgonjwa mpya, anaanza upya. Kwa sasa hana mtu yeyote."

Kwa hiyo niliyemng'oa kwa kidole kimoja nilikuwa mimi. Alikuwa ameshanichagua. Nilijipalia makaa mwenyewe, tena nikipiga mluzi.

Breki akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Akauliza taratibu, "Alisema lini hasa? Kwamba nifutwe?" Kisha akasema basi, haina haja. Akaanza kunyoosha mkono wa shati uliokuwa umenyooka tangu mwanzo.

Ilinipasa nifurahi. Nilikuwa nimeingoja sura ile ya Breki tangu wiki iliyopita, na sasa nilipoipata nilishindwa kuitazama.

"Nampigia kwa dobi," mama mfamasia akasema. "Hii ni dharura." Akaweka simu kwenye spika kwa sababu mikono alikuwa anaihitaji kwenye kompyuta. Tukamsikia msimamizi akiita, tukasikia mvuke, halafu mke wangu anahema.

"Dada, dawa zako zilihamishwa asubuhi kwenda duka jingine. Ni wewe?"

"Mimi? Hapana! Nani kazihamisha?"

Mama mfamasia akanitazama. Breki akanitazama. Mimi nikafungua mdomo. Nawaapia niliufungua.

"Ni mimi," Breki akasema.

Aliinuka, akaisogelea simu, akamwita mke wangu kwa jina lake, jina ambalo sitaliandika gazetini. "Nisamehe. Nilitaka kuzichukulia karibu na shule. Sikujua kama nimeshafutwa."

Mke wangu alipojibu sauti ilikuwa ya hasira, lakini ndani yake nilisikia kitu kimetua.

"Afadhali," akasema. "Moyo wangu ulishaanza kunituma kubaya. Mume wangu ana wivu, namjua, lakini kunichezea dawa zangu hawezi. Wewe nakuambia leo, mashati yako tafuta dobi mwingine. Dada, zirudishe, mimi ndiye ninayesema. Na umwandike mume wangu. Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mume wangu, weka sahihi, uniletee vidonge vyangu kabla sijatoka kazini. Usikawie, baba."

Mama mfamasia akabonyeza bonyeza, mashine ikatoa karatasi. Akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake. Halafu akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akaniinamia.

"Bwana," akasema kwa sauti ya chini, "huyu nilimfuta kwa mkono wangu. Ujumbe wa asubuhi haukumfikia, na hata angetaka asingeweza kuzihamisha. Mimi dawa za huyu binti simpi mtu ninayemtilia shaka. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, na utanijibu akiwa anasikia. Ni nani aliyebonyeza?"

Akaondoa kiganja.

Breki alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka nusu, akanong'ona, "Weka sahihi, mume mwenzangu, utoke hapo." Akamfuata bibi garini.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

"Mume wangu," mke wangu akaita kwenye spika, "mbona kimya? Umeshaweka sahihi?"